Turubai Likishakunjwa

Mbagala, Tandika, Buza, Tegeta, Boko, Bunju: kote huko watu wanajua kuzika. Habari ikitoka alfajiri, kabla ya saa nne turubai limeshafungwa katikati ya mtaa, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye guta, na kuna meza ndogo yenye daftari la rambirambi na mtu anayeaminika nyuma yake. Bajaji zinapita mtaa wa pili bila dereva kunung'unika. Akina mama wameshika ungo, wanachambua mchele wa nyumba ambayo pengine wiki iliyopita walikuwa hawasemeshani nayo. Vijana wa kijiweni, wale tunaowaita wahuni siku nyingine zote, ndio wameshatangulia makaburini na majembe. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huu wa Dar es Salaam na watu 5,383,728, wametoka kila pembe ya nchi, na bado mtaa mzima unasimama kwa ajili ya mpangaji mmoja aliyefariki.

Sifa hiyo ni haki yetu na sitaki kuipunguza. Wito wangu kwenu, ndugu wasomaji, ni kwamba tuigawe upya. Nguvu zote tunazimaliza ndani ya siku tatu, siku ambazo mfiwa mwenyewe hajui hata nani alimshika mkono. Anakula kwa kulishwa, analazwa, anaamshwa. Maamuzi yote yanafanywa na kamati. Turubai likishakunjwa, viti vikahesabiwa na masufuria ya kukodi yakarudishwa, ndipo yeye anapoanza kufiwa, na ndiyo saa tunayoaga.

Fuateni kalenda ya nyumba moja yoyote. Wiki ya pili mjane anaamka saa kumi na moja kwa sababu mwili umezoea kumchemshia mtu maji ya kuogea. Mwezi wa pili mwenye nyumba anagonga, kwa adabu kidogo. Mwezi wa tatu shule zinafunguliwa na sare imembana mtoto. Simu ya marehemu bado inaingia ujumbe: mtandao unadai mkopo, kikundi cha kijijini kinamkumbusha mchango, rafiki wa mbali ambaye hajasikia anauliza habari za siku nyingi. Na pale mtaani hakuna tena anayelitaja jina lake. Tunaogopa kumkumbusha mfiwa, utadhani kuna saa amesahau.

Mwaka 1969 daktari Mwingereza Colin Murray Parkes na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 4,486 waliofiwa na wake zao, wote wa miaka 55 na kuendelea. Katika miezi 6 ya mwanzo waliokufa walizidi kwa asilimia 40 idadi iliyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa maradhi ya moyo. Hapa kwetu hilo halikuhitaji utafiti. Mzee akimzika mkewe Januari na yeye akafariki Mei, tunasema amemfuata mwenzake, tunatikisa kichwa, tunafunga turubai lingine. Hatujiulizi kati ya Januari na Mei nani alikuwa akipita kumwona kama amekula.

Kwenye redio hutajwa mara nyingi hatua tano za majonzi: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali. Hatua hizo zinatoka katika kitabu cha mwaka huohuo wa 1969 cha daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa mahututi hospitalini Chicago. Alikuwa anaeleza habari za watu wanaokaribia kufa wao wenyewe. Wafiwa walivishwa hatua hizo baadaye. Wafiwa ninaowajua hawapandi ngazi ya namna hiyo. Mtu anacheza harusini Jumamosi, Jumatatu anakuta shati la marehemu kwa dobi, wiki nzima imeharibika. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyaweka majonzi yaliyopitiliza kuwa tatizo la kitabibu, lakini halikubali kuyaita hivyo kabla ya miezi 6 kupita, na linataka mila na dini ya mfiwa vitazamwe kwanza. Kwa hiyo jirani anayelia mwezi wa nne haumwi. Amefiwa.

Mila tulikuwa nazo, tena zenye akili. Wazaramo, wenye pwani hii kabla haijawa jiji, walikuwa na mtaalamu wao wa msiba: mtani. Utani wao na Wanyamwezi unahusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi waliposhuka pwani na pembe za ndovu. Aliyewahi kuona watani wakifanya kazi yao msibani hasahau. Mtani anavaa kanzu ya marehemu na kutembea kama yeye, kigongo chake, kikohozi chake, namna alivyokuwa akidai chenji dukani. Anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Anajilaza kaburini na kudai eneo ni lake. Anakwapua nyama kwenye sufuria mbele ya wapishi. Na anasema yale ambayo ndugu hawathubutu kuyasema: kwamba marehemu alikuwa mbahili, kwamba alikuwa na madeni kila kijiwe, kwamba alimwogopa mkewe. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayeweza kumkasirikia.

Sioni mchezo pale. Mtani alikuwa anawapa wafiwa ruhusa ya kucheka kabla hawajajipa wenyewe, na alikuwa anamrudisha marehemu katika umbo la mtu. Sisi siku hizi tunawageuza marehemu wote kuwa watakatifu katika wasifu unaosomwa na MC, na mtakatifu hakumbukiki vizuri. Mke aliyeishi miaka ishirini na mtu mwenye hasira za haraka na moyo wa kutoa anabaki peke yake na kumbukumbu ya kweli, kwa sababu wote wengine wanamkumbuka malaika. Tena mtani hakuishia kuchekesha. Alichimba kaburi, alibeba, alikuwapo nguo za marehemu zilipogawiwa. Ulikuwa wajibu, na wewe kwake ukifiwa ulikudai.

Sasa tazama mtaa mpya wa Mabwepande au Chamazi. Nyumba ya kwanza Mhaya, ya pili Mmakonde, ya tatu Msukuma, ya nne ina ukuta na geti na hatujui ni nani. Mtani amebaki kwenye simu, anatuma vichekesho kwenye kundi la WhatsApp. Sidhani kama tunaweza kumrudisha jinsi alivyokuwa, na sherehe za kuigiza mila sizipendi sana. Lakini kazi yake inafanyika na mtu yeyote aliyemfahamu marehemu. Nenda kwa mfiwa mwezi wa pili, ukae, useme: unajua mzee wako siku moja alinifanyia nini pale stendi ya Rangi Tatu? Simulia. Kama kisa kinachekesha, ndiyo bora. Mfiwa anaweza kuishi wiki nzima kwa kisa kimoja asichokuwa amewahi kukisikia.

Kuna misiba ambayo huku mjini haionekani kabisa. Ni ile ya kusafirisha. Mwili unatoka mochwari, unaagwa saa moja, gari linaondoka kwenda Moshi, Songea au Bukoba, na msiba wenyewe unakaliwa kule. Wiki mbili baadaye mama anashuka kwenye basi usiku, anapanda bodaboda hadi Bunju, na asubuhi jirani anamwambia "pole na safari". Kwa jirani msiba umeisha, tena ulimalizikia mbali. Kwa mama huyo kitanda kile hakijaguswa tangu siku ya hospitali. Ukimwona jirani wa namna hii amerudi, hesabu siku ya kurudi kwake kuwa siku ya kwanza.

Maneno nayo. Sitaki kumwonea mtu, kwa kuwa wote tunakwama mlangoni na ulimi unaokota lililo karibu. Lakini mengine tuyaache. Mama aliyepoteza mtoto asiambiwe kuwa bado kijana, atazaa mwingine. Asiulizwe mbele za watu "aliumwa nini hasa?" ili tupate cha kusimulia kwenye daladala. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni imani, na mfiwa akiisema mwenyewe ni nguvu kubwa. Tukimwahi sisi kuisema, mara nyingi tunamfunga mdomo. "Pole" peke yake inatosha. Lugha yetu imetupa neno fupi ambalo halidai jibu, kisha sisi tunalirundikia hotuba.

Na "jikaze, wewe mwanaume" ndiyo inayonikera kuliko zote. Shaaban Robert, ambaye tunawafundisha watoto wetu kumheshimu, alimlilia mkewe hadharani katika shairi alilolipa jina la marehemu, "Amina", na katika habari za maisha yake hakuficha pengo lile. Hakuna aliyemwona mpungufu. Mwanaume wa Tandika aliyefiwa na mke hupewa siku tatu za kukaa kwenye mkeka na wenzake, karata na kahawa, halafu anarudi kazini na watoto watatu ambao hajui wanasukwa nywele wapi. Akianza kuchelewa baa tunasema amepotoka. Majirani wanaume, huyu ni wenu. Mpitieni mwende naye mpirani Chamazi. Wanaume wengi hawawezi kuzungumza wakitazamana usoni, ila wakitazama mechi pamoja hufunguka kipindi cha pili.

Waislamu, ambao Temeke ni wengi, wana msingi wa kale katika hili. Habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, mwaka 629, zilipofika Madina, Mtume Muhammad aliagiza watu wawapikie chakula jamaa za Jaafar. Leo tumeupindua utaratibu: jamaa za marehemu ndio wanaotafuta gunia la mchele ili sisi tule, na pilau isipokuwa na nyama ya kutosha tunasema msiba ulidorora. Nimesikia watu wakilinganisha misiba kwa mapishi, kwa sare za kitenge, kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Nayaacha hapo, kwa kuwa hata fahari ya msiba wakati mwingine ni namna ya kupenda. Ila deni la fahari hiyo hulipwa na mjane, akiwa peke yake.

Eda nayo, miezi 4 na siku 10, ni hekima ambayo wengi tunaisoma nusu. Inampa mjane muda ambao hakuna mwenye haki ya kumharakisha. Lakini majirani wengi wameifanya sababu ya kutomwendea, kana kwamba kuna kufuli mlangoni. Mjane wa eda yuko nyumbani, wanawake wenzake wana ruhusa ya kumtembelea, na hakuna kipindi kingine katika maisha yake ambapo utamkosa kwa nadra hivyo. Wakristo nao wana jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Kinachokosekana si chombo cha kufanyia kazi hii.

Nije kwenye karatasi, kwa sababu huzuni na karatasi hukutana mapema. Kifo kinatakiwa kutolewa taarifa ili kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti cha kifo kinatoka RITA. Bila cheti hicho, benki haizungumzi nawe, mfuko wa hifadhi ya jamii hauzungumzi nawe, na mirathi haianzi. Mahakama hutaka pia muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Hapo ndipo mjane aliyeshindwa hata kuchana nywele anapotakiwa kujua namba ya kitambulisho cha shemeji yake. Temeke tuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, kilichoanza kazi 2021, ambako mashauri ya mirathi na ndoa yanasikilizwa mahali pamoja kuanzia ngazi ya Mahakama ya Mwanzo. Ni msaada mkubwa. Lakini mtu anahitaji kufika, kukaa kwenye benchi, kuelewa fomu, kurudi tena wiki ijayo. Jirani mwenye siku moja huru na kichwa kilichotulia ana thamani kuliko bahasha. Msindikize. Mshikie faili. Mwandikie maswali kabla hamjatoka nyumbani, maana akifika dirishani atayasahau.

Na tuambiane wazi: msimamizi wa mirathi si mrithi. Amepewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, kisha kuirudishia mahakama hesabu. Shemeji anayekuja na pikapu siku ya arobaini kubeba friji na kudai ukoo umemteua ni mwizi mwenye suti. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963 kuhusu sheria za kimila liliwanyima wajane urithi, na wajane wawili kutoka Shinyanga waliofukuzwa na wakwe zao walilipinga mpaka wakafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema nchi imekiuka haki zao. Walipigana miaka na miaka. Pikapu ingezuiwa na majirani kumi waliosimama kwenye njia na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeitwa mapema.

Watoto tunawadanganya kwa nia njema. "Baba amesafiri" ni sentensi ya siku moja, lakini mtoto huiweka. Atauliza basi gani, atarudi lini, na siku atakapoujua ukweli kutoka kwa mwenzake wa darasani atakuwa na majonzi mawili, la baba na la kudanganywa. Aambiwe kwa maneno ya umri wake kwamba baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na si kosa la mtoto. Hilo la mwisho lirudiwe, kwa sababu watoto hujilaumu kimyakimya kwa ajili ya siku waliyokataa kutumwa. Mwalimu wa darasa apewe habari. Walimu wetu wana madarasa makubwa, sijui wamudu vipi, lakini mwalimu anayejua hatampiga mtoto kwa kusinzia.

Temeke ina misiba ya hadhara pia. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala Kizuiani, watu zaidi ya 20 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walikufa kwa msongamano katika Uwanja wa Uhuru. Walikuwa wamekwenda kuuaga mwili wa Rais John Magufuli, aliyefariki tarehe 17. Nyumba 45, au pungufu yake kwa kuwa wengine walitoka nyumba moja, zilifiwa wakati nchi nzima imeshafiwa. Bendera zilikuwa nusu mlingoti tayari, lakini kwa ajili ya mtu mwingine. Msiba mdogo ukiangukia ndani ya msiba mkubwa, wenye nao hukosa hata wa kumwambia.

Tunayo mingi ya namna hiyo mitaani, misiba isiyopata turubai. Mimba iliyotoka mwezi wa sita. Mtoto aliyezaliwa hana uhai, akazikwa na wanaume wawili jioni, na mama kuambiwa asilie sana. Binti wa kazi kutoka Singida aliyefiwa na mama yake, akapewa nauli na siku nne, na anaporudi anakuta vyombo vya siku nne. Dereva wa bodaboda aliyemshuhudia mwenzake wa kijiweni akigongwa na lori Barabara ya Kilwa, kisha jioni ileile akarudi barabarani kutafuta hesabu ya tajiri. Mwanamke ambaye marehemu hakuwa mume wake kwa cheti, na msibani alikaa nyuma kabisa kama mpita njia. Hakuna daftari linalowaandika hawa. Kwao rambirambi ni kuambiwa tu kwamba tumeona kuwa umefiwa.

Basi ninachoomba ni kitu kidogo kwa ukubwa wake: daftari la msiba lifunguliwe ukurasa wa pili. Wa kwanza unaandikwa nani katoa nini. Wa pili uandikwe nani atakwenda lini. Kabla kamati haijavunjwa, pale inapofunga hesabu, itaje majina: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa sita, na siku ya kutimiza mwaka. Wawepo watu wawiliwawili, mmoja akiumwa mwingine aende. Mjumbe wa shina ahifadhi ukurasa huo, au mweka hazina wa kikoba, au yule mama wa mtaa ambaye siku zote anajua nani kajifungua na nani kahama. Kila tarehe 7 Aprili watu humkumbuka mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki 2012 akiwa na miaka 28 na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Kila nyumba ina 7 Aprili yake, na hakuna gazeti litakaloikumbuka. Iandikeni.

Fedha zikibaki, zisimalizwe zote na pilau ya arobaini. Zitengwe za nauli ya kwenda mahakamani, za cheti, za sare ya mtoto. Hapa nategemea kupingwa, na ninakubali kupingwa, ila pingamizi lije na hesabu.

Anayekwenda aende na kazi mkononi. "Ukihitaji chochote niambie" ni ahadi ambayo mfiwa haidai kamwe, kwa kuwa hajui anahitaji nini na anaona haya. Badala yake: nakwenda kujaza gesi, lete na mtungi wako. Nimekununulia umeme, hizi hapa namba. Alhamisi nampeleka mwanangu kliniki, na wako nitampitia. Ukimaliza kaa dakika kadhaa bila haraka. Akinyamaza, nyamaza naye. Runinga iwashwe kama anataka iwashwe.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wataalamu. Zimbabwe walijaribu njia nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua, ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumfikisha hospitalini kwake. Akaanza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Matokeo yalipimwa na kuchapishwa katika jarida kubwa la tiba Marekani mwaka 2016: waliozungumza na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka hadi Malawi, na Zanzibar, ng'ambo tu ya maji haya. Mbagala haina uhaba wa bibi. Haina uhaba wa mabenchi pia.

Kuna hali zinazohitaji hospitali na tusizichezee. Mtu asiyelala wala kula wiki baada ya wiki, aliyejisalimisha kwa pombe, ambaye nusu mwaka umepita na hawezi hata kuoga, au anayesema anataka kumfuata marehemu. Huyo wa mwisho muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Swali halimpandikizii wazo; mara nyingi humtua mzigo. Usimwache peke yake siku hiyo, ondoa dawa na sumu ya panya ndani, na mpelekeni. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa zipo Temeke, Mwananyamala na Amana. Hata zahanati ya karibu inaweza kuandika rufaa. Manispaa zina maafisa ustawi wa jamii, na mwenyekiti wa mtaa anajua pa kuwapata. Kuomba dua na kwenda hospitali havigombani, mtu anaweza kufanya vyote asubuhi moja.

Nawe uliyefiwa, kama umenisoma hadi hapa, wito huu una sehemu yako. Majirani zako ni waoga kuliko wasivyokujali. Wengine watachelewa mwezi, wengine watakuja na neno baya, mmoja atakuletea mchicha wakati ndani umejaa mchicha. Wafungulie, hata kama nyumba haijafagiliwa na kanga uliyovaa ni ya juzi. Kama hutaki kuzungumza, sema hutaki, wachambue mchicha wao waondoke. Kama unataka kumtaja, mtaje, tena kwa jina lake la nyumbani lile ambalo wasifu wa MC haukuwa nalo.